Kitanda cha Fidia

Waheshimiwa wasomaji, msijisumbue kuitafuta Jamhuri ya Heshimani kwenye ramani. Wachora ramani walikuja mara mbili, wakaombwa kwanza walete kibali cha kuchora, na kibali kilipotoka walikuwa wameshastaafu. Mimi nilikuwa karani wa serikali huko kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo ninachosema nakijua.

Kazi yangu ilikuwa katika Baraza la Fidia. Nilikaa kwenye meza ndogo chini ya jukwaa la Mwenyekiti, nikaandika kila kilichosemwa. Jioni Mwenyekiti alisoma nilichoandika na kukata kile ambacho, kwa maneno yake, "hakikupaswa kusemwa." Sikuona ubaya. Karatasi zilitoka safi, fupi, na mwananchi hakusumbuliwa na maneno mengi. Nasema haya mapema mjue ni nani anayewasimulia.

Heshimani ni nchi inayoheshimu wazee. Hilo halina ubishi, limo kwenye Katiba, kifungu cha kwanza, kabla hata ya jina la nchi. Kila mwaka, Siku ya Wazee, mzee mmoja huchaguliwa kwa kura, huketishwa uwanjani, na mawaziri wote hupanga mstari kumpa shikamoo mmoja mmoja. Mwaka mmoja jua lilipokuwa kali, mzee alizimia baada ya waziri wa ishirini na tatu. Waziri wa ishirini na nne hakutetereka. Alimwamkia pale pale kwenye machela, na kwa kuwa mzee hakuitikia marahaba, ikaundwa tume ya kuchunguza utovu wake wa nidhamu.

Pia tuna Kombe la Utulivu. Hili hutolewa kwa makao ya wazee yaliyo kimya kuliko yote nchini. Wakaguzi huja na kipima kelele, wakakiweka katikati ya wodi, wakakaa nje kunywa chai kwa saa tatu, kisha wakasoma mshale ulipofika. Makao ya Wazee ya Pumziko Jema yalikuwa yamelichukua kombe hilo miaka mitano mfululizo. Magazeti yaliandika kwamba ndani ya Pumziko Jema unaweza kumsikia nzi akibadili mawazo.

Huko ndiko Sikudhani alikompeleka baba yake.

*

Sikudhani alikuwa fundi cherehani mwenye miaka hamsini na minne. Mumewe alikuwa amefariki, hawakujaliwa mtoto, na kwa baba yake alikuwa mtoto pekee. Baba huyo, Mzee Makungu, alipiga tarumbeta katika bendi ya polisi kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu walimtaka arudishe tarumbeta, akairudisha, lakini midomo alibaki nayo. Kila asubuhi alisimama mlangoni, akaipanga, akapiga wimbo wa gwaride kwa mdomo mtupu, pa-ra-ra-paa, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na majirani wakajua kumekucha. Siku hizi alikuwa ameanza kusahau. Alitia chumvi kwenye chai. Alimwita Sikudhani kwa jina la marehemu mama yake. Wimbo tu ndio hakuusahau.

Kisha mgongo wa Sikudhani ukakataa kazi. Daktari alimwambia afanyiwe upasuaji, na baada yake alale chali hospitalini wiki saba. Nani angemlisha mzee? Akaulizia, akaelekezwa Pumziko Jema, mahali penye kombe.

Matroni Eusebia ndiye aliyewapokea. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti laini kama uji, na alimwamkia Mzee Makungu kwa mikono miwili huku amepiga goti.

"Shikamoo baba yangu! Karibu nyumbani!"

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee, akafurahi.

Kulikuwa na fomu ya kujaza. Swali la nne liliuliza: Je, mzee anapiga kelele? Sikudhani alifikiri kidogo, akaandika: Hapigi kelele. Anapiga tarumbeta. Matroni alisoma jibu hilo, akatabasamu, akalipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

*

Wiki ya saba ilipoisha, Sikudhani alitoka hospitalini akiwa na mkongojo, akaenda moja kwa moja kumchukua baba yake. Hakutoa taarifa. Hakujua kwamba taarifa ilihitajika.

Wodi ilikuwa na vitanda arobaini na kimoja, na juu ya kila kitanda mtu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Hakuna aliyekohoa. Palinuka mkojo, na juu ya mkojo harufu tamu ya dawa ya maji, ile wanayopewa watoto walale. Sikudhani aliniambia baadaye kwamba alitembea kati ya vitanda vile akidhani amekosea mlango, kwamba hapa labda ndipo wanapowekwa waliokwisha kufa. Kisha akaona macho. Yote yalikuwa wazi, yakimfuata.

Baba yake alikuwa kitanda cha kumi na saba.

"Baba," alisema. "Baba, mimi Siku."

Mzee hakugeuza shingo. Sikudhani aliingiza mkono chini ya shuka amshike mkono, akauvuta kwake. Mkono haukuja. Akafunua shuka.

Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa kwenye chuma cha kitanda kwa mkanda wa kitambaa cha bluu, uliotiwa sponji kwa ndani. Sikudhani aliutazama mkanda ule kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Ulikuwa na mshono maradufu ukingoni, na mwishoni uzi ulirudishwa nyuma mara tatu. Katika mji mzima fundi aliyerudisha uzi mara tatu ni mmoja tu.

Mwaka uliotangulia Pumziko Jema walikuwa wamempa oda ya mikanda mia moja na ishirini, ya mazoezi ya viungo. Aliishona kwa furaha. Alikumbuka mtu aliyekuja na oda akimwambia, tia sponji, mama, isije ikawachubua wazee. Na yeye alisema moyoni: angalau kuna watu wanaojali.

Matroni Eusebia aliingia kwa haraka, viatu vyake vimevikwa soksi ili visilie.

"Mama, umekuja bila taarifa."

"Baba yangu amefungwa."

"Hapa hatumfungi mtu. Amepumzishwa."

"Na huu ni nini?"

"Huo ni mkanda wa kupumzishia," alisema Matroni, akaushika kwa kidole kuonyesha ubora wake. "Mzuri sana. Tulitafuta fundi hodari."

Sikudhani alifungua. Kwanza mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Mikono ilibaki pale pale juu ya chuma, kana kwamba haijapata habari. Alipomgeuza mzee ubavu amvishe shati, akaona mgongo, na hapo ndipo alipopiga ukelele. Nyama ilikuwa imeoza chini ya mabega na juu ya makalio, vidonda vyenye kina, vimefunikwa kwa gazeti. Gazeti lenyewe lilikuwa na picha ya kombe.

Kipima kelele kilichokuwa ukutani kiliruka mshale. Matroni alikitazama kwanza kabla ya kumtazama Sikudhani.

*

Nyumbani, Mzee Makungu hakupiga tena tarumbeta. Alilala chali, viganja vimeshikana kifuani, akingoja. Alipotaka kunywa maji alisema, "Naomba ruhusa." Alipotaka kwenda haja alisema, "Naomba ruhusa." Sikudhani alimwambia, baba, hapa ni kwako, mwenye ruhusa ni wewe. Mzee alimsikiliza kwa adabu, kama mgeni anayesikiliza lugha asiyoijua. Kisha akasema, "Naomba ruhusa ya kujigeuza."

"Geuka, baba."

"Ahsante, Matroni."

Siku aliyoitwa Matroni na baba yake mzazi, Sikudhani alifunika cherehani, akafunga kanga, akaenda kutafuta sheria.

Heshimani ina sheria nyingi, ila ziko ghorofa ya sita, na lifti imewekewa jiwe la msingi tu. Alipanda na mkongojo wake hadi Idara ya Msaada wa Sheria kwa Wanyonge. Dirisha la kwanza walimtaka athibitishe kwamba ni mnyonge. Akalia. Wakamwambia machozi hayapigwi muhuri. Dirisha la pili walimpa Fomu Namba Tisa, iitwayo Cheti cha Kutendewa Vibaya, ambayo bila hiyo hakuna malalamiko yanayopokewa. Cheti hicho, walimweleza kwa upole, hutolewa na taasisi iliyomtendea mtu vibaya, kikiwa na sahihi ya mkuu wake.

"Yaani nimwombe Matroni aandike kwamba amemtesa baba yangu?"

"Sheria haisemi umwombe, mama. Inasema akuandikie."

Alikuwa anashuka ngazi, amekata tamaa, mtu alipomwita kutoka chini ya ngazi. Alikuwa Wakili Mbonea, wa idara hiyo hiyo. Chumba chake kilikuwa kimechukuliwa na kamati ya maandalizi ya Siku ya Wazee, kwa hiyo aliweka benchi chini ya ngazi, na mafaili yake yalikuwa ndani ya tenga la nyanya. Mwenyewe alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu.

"Keti, dada yangu. Nimetetea watu mia nne hapa," alimwambia. "Nimeshinda mara moja. Mshtakiwa alikosea siku, akaja kesho yake."

"Sasa unaniita wa nini?"

"Kwa sababu umeshuka huku umeishika hiyo fomu. Wengine huitupa ghorofa ya tano. Nieleze."

Akamweleza yote, hata habari ya mikanda. Hiyo alimweleza mwisho, macho chini. Wakili Mbonea hakumwambia usijali. Alikuna kidevu, kisha akamuuliza swali moja: yule Matroni anapenda sifa?

Siku iliyofuata Sikudhani alienda Pumziko Jema na karatasi nyingine kabisa, iliyopigwa taipu na wakili, yenye kichwa Cheti cha Huduma Bora. Alimwomba Matroni aijaze kwa kumbukumbu ya familia. Matroni aliijaza kwa mwandiko mzuri, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo: Mzee Makungu alipumzishwa saa ishirini na mbili kila siku, kwa siku arobaini na tisa, bila kutoa sauti wala malalamiko. Akatia sahihi. Akapiga muhuri mara mbili. Wakili Mbonea akaibandika kwenye Fomu Namba Tisa, pale panapotakiwa sahihi ya mkuu.

*

Kwa hiyo kesi ikaja kwetu, na mimi nikamwona Sikudhani kwa mara ya kwanza.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Lugwisha, hakutumia nyundo kama wengine. Alitumia kengele ya shaba, akisema kengele ina utu zaidi. Alifungua shauri kwa hotuba ya dakika hamsini kuhusu thamani ya mzee katika taifa, alimfananisha mzee na paa la nyumba, na mzizi wa mti, na kifuniko cha sufuria, kisha akauliza mlalamikaji anadai nini.

"Anadai matibabu ya vidonda vya mzee wake," alisema Wakili Mbonea, "na kwamba mikanda iondolewe kwa waliobaki, na mtu aseme samahani."

"Samahani ni kitu kikubwa," alisema Mwenyekiti. "Hilo ni suala la kibajeti."

Matroni Eusebia alisimama kujitetea. Hakumkana mtu, hakukana mkanda. Alitoa tu karatasi kwenye mkoba wake, ile stakabadhi ya oda, akaomba isomwe mbele ya Baraza. Nikaisoma mimi. Mikanda mia moja na ishirini, imeshonwa na kukabidhiwa na Sikudhani binti Makungu.

Ukumbi ukaguna. Mwenyekiti aliinama mbele, akafurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Kumbe mtengenezaji ni wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Wewe ndiye uliyeshona kifungo cha baba yako, halafu unakuja hapa?"

Sikudhani alishika ukingo wa meza. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona vidole vyake vikibadilika rangi.

"Ndiyo. Niliishona. Niliambiwa ni ya mazoezi, nikaweka na sponji. Ndiyo maana nimekuja. Ningekuwa sikuishona labda ningekaa nyumbani nikalia."

Hilo niliandika. Jioni likakatwa.

Kisha aliitwa Mzee Makungu. Walimketisha kwenye kiti, viganja vyake vikashikana vyenyewe.

"Mzee, shikamoo," alisema Mwenyekiti. "Je, ulitendewa vibaya?"

"Naomba ruhusa," alisema mzee.

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kujibu."

"Umeruhusiwa. Jibu."

Mzee hakumtazama Mwenyekiti. Alizungusha macho ukumbini polepole mpaka yakamfikia Matroni Eusebia, yakatua hapo. Akangoja. Tukangoja sote. Matroni alikuwa anarekebisha kilemba.

"Sijaruhusiwa," alisema mzee kwa sauti ndogo.

"Karani," alisema Mwenyekiti, "andika kwamba shahidi hana la kusema."

Nikaandika. Naomba mnisamehe. Mkono ulikuwa umezoea.

Wakili Mbonea aliomba jambo moja tu: Baraza likajionee wodi kwa macho yake. Nilidhani atakataliwa, lakini kanuni zinasema Baraza likitembelea mahali litaandaliwa pilau, na Mwenyekiti hakuwa mtu wa kuvunja kanuni.

*

Tulifika Pumziko Jema saa nne asubuhi, Jumatano. Wazee wote arobaini waliobaki walikuwa wamevishwa mashati meupe na magauni meupe, wamekalishwa kwenye viti kwa mistari minne. Nywele zimechanwa. Vitanda vilikuwa vimetandikwa, hakuna mkanda hata mmoja. Kombe lilikuwa mbele, juu ya meza, na maua ndani yake. Kitanda cha kumi na saba kilikuwa kitupu.

"Wako huru kabisa," alisema Matroni. "Muulizeni yeyote."

Mwenyekiti aliridhika. Alisimama mbele yao, akakohoa, na kama ilivyo desturi ya kufungua kikao, akapiga kengele yake ya shaba.

Wazee wale wote, kwa pamoja, waliinua mikono. Waliishikanisha kifundo kwa kifundo na kuinyoosha mbele, ifungwe.

Kilichosikika ni viti tu, vilivyolia kidogo chini ya watu arobaini waliosogea mara moja. Bibi mmoja mstari wa mbele alizigeuza ngozi nyembamba za mikono yake juu, kumrahisishia kazi atakayefunga. Mzee wa pembeni yake alikuwa haoni. Aliinyoosha mikono upande usio na mtu, akaibakiza hapo.

Walikuwa wanatusubiri.

Sijui ilichukua muda gani. Niliona ulimi wa kengele ukitaka kugonga tena, na Mwenyekiti akaushika haraka kwa kidole. Nikajua kwamba ameona nilichokiona.

"Karani. Andika: wazee walilipokea Baraza kwa heshima."

Niliweka kalamu kwenye karatasi. Nilikuwa nimeandika kila nilichoambiwa kwa miaka kumi na tisa, na sasa kalamu ilikuwa inasubiri mikono yangu, na mikono yangu ilikuwa inawatazama wale wazee.

Sikudhani hakungoja mtu. Aliacha mkongojo ukutani, akaenda kwa yule bibi wa mbele, akaishika mikono yake.

"Shusha, mama. Hakuna kitu. Shusha."

Bibi hakushusha. Alimtazama Sikudhani kwa hofu, kama kwamba anafundishwa kosa. Ikabidi Sikudhani aiteremshe mwenyewe, polepole, mpaka ikatua mapajani, akaibonyeza hapo kidogo ili ikae. Kisha mzee asiyeona. Kisha anayefuata. Alipita mistari yote minne namna hiyo, mgongo wake mbovu umepinda, akirudia maneno yale yale. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu hakukuwa na kanuni inayosema nani azuie. Wale wa mstari wa nne walikaa na mikono hewani karibu robo saa.

Baadaye tuliitwa mezani. Mwenyekiti hakula pilau. Namtendea haki kwa kulisema hilo.

*

Jioni aliniita ofisini. Ukurasa wangu ulikuwa mbele yake.

"Umeandika nini hiki?"

"Nilichokiona, Mheshimiwa."

"Ulitumwa uone?"

Akaukata ukurasa wote, mstari kwa mstari, kwa rula. Lakini huku kwetu kila ukurasa huandikwa juu ya karatasi ya kaboni, na nakala ya chini ilikuwa kwenye soksi yangu ya kushoto. Kabla ya jua kuzama nikampelekea Wakili Mbonea chini ya ngazi. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaniuliza kama nina watoto. Nikasema watatu. Akasema, "Basi pole, ndugu yangu. Na ahsante."

Hukumu ilisomwa wiki mbili baadaye mbele ya wapiga picha. Baraza halikuona kosa, alisema Mwenyekiti, ila liliona huruma. Kwa huruma hiyo, Mzee Makungu alitunukiwa fidia kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa Heshimani: kitanda cha maisha, bila malipo, katika makao bora kuliko yote nchini, Pumziko Jema. Kitanda cha kumi na saba, chenye dirisha.

Watu wakapiga makofi.

"Na ili asije mtu akasema serikali hutoa kwa mkono huu na kunyang'anya kwa mkono ule," aliendelea Mwenyekiti, sasa ameshika moto, "Baraza linatamka kwamba fidia hii haitenguliki, haiuzwi, haihamishwi, na mwenyewe akifariki inarithiwa na kizazi chake! Mwenye kitanda ni mkaazi halali, na hakuna mlango wa Pumziko Jema utakaofungwa mbele yake, mchana wala usiku!"

Sikudhani alicheka. Alicheka mpaka askari akamtoa nje, na huko nje kicheko kikageuka.

*

Jumapili iliyofuata, siku ya kutembelea wazee, Sikudhani alisimama langoni mwa Pumziko Jema na nakala yangu ya kaboni, aliyopewa na Wakili Mbonea, akaisoma kwa sauti kwa kila aliyeingia. Hakuongeza neno. Wengine walimpita haraka na vikapu vyao vya machungwa. Mwanamume mmoja alimwambia ana uchungu wa kushindwa kesi. Mwingine, dereva wa lori, alisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani bila kusema kitu, akatoka amembeba mama yake mgongoni, yule bibi wa mstari wa mbele. Jioni ilipofika familia kumi na moja zilikuwa zimewachukua watu wao.

Ishirini na tisa walibaki. Hao hawakuwa na mtu wa kusomewa.

Pumziko Jema walichukua kombe tena mwaka ule. Ukimya uliongezeka, kwa kuwa watu walikuwa wamepungua.

Mimi nilihamishiwa Kitengo cha Mihuri, chenye muhuri mmoja usio na wino. Wakili Mbonea alistaafu na tenga lake.

Mzee Makungu aliishi miezi minne. Vidonda vya juu vilipona, vya chini havikupona. Alifariki mchana, siku ya Jumatatu, Sikudhani akimfuta mgongo kwa maji ya uvuguvugu. Alikuwa amemwambia ngoja nibadilishe maji, baba, na aliporudi na beseni akakuta mzee amegeuka mwenyewe, ubavu wa kulia, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Hakuwa ameomba ruhusa ya mtu. Sikudhani aliketi sakafuni kando ya ule mkono, akaushika mpaka ukapoa.

Arobaini haijaisha, barua ikaja. Ilikuwa na nembo ya taifa. Ilimpa pole, kisha ikamfahamisha kwamba kwa mujibu wa hukumu, fidia ya marehemu sasa ni mali yake. Kitanda kimeshatandikwa, jina lake limeshabandikwa, na serikali inamtakia uzee mwema.

Majirani walisema achome barua. Mimi pia nilisema hivyo, nilikuwa nimekwenda kuhani. Sikudhani aliisoma mara mbili, akavaa miwani akaisoma mara ya tatu, hasa pale paliposema mkaazi halali, na milango, na mchana wala usiku.

Jumatano alibeba cherehani yake ya mkono, akaenda Pumziko Jema. Mlinzi alimzuia, naye akamwonyesha barua. Matroni Eusebia alikuja na soksi zake juu ya viatu, akaisoma, akapiga simu mahali, akarudi amebadilika uso. Sikudhani akaingia wodini, akaketi juu ya kitanda cha kumi na saba, akaweka cherehani mapajani na kuanza kushona mashati.

Cherehani ile ina kelele. Mshale wa kipima kelele uliruka, ukakataa kushuka.

Tangu hapo huenda kila siku asubuhi, akatoka jioni. Akiwapo, hakuna anayefungwa. Matroni ameliandikia Baraza mara saba kuomba kitanda kile kiondolewe, na mara saba Mheshimiwa Lugwisha amemjibu kwa mwandiko wake mwenyewe kwamba fidia haitenguliki. Sijui kama anajua anachofanya. Nadhani anajua. Kinachotokea wodini baada ya Sikudhani kutoka, hilo Sikudhani hulijua kutokana na alama anazozikuta asubuhi mikononi mwa wazee, na huzipaka mafuta ya nazi kabla ya kufungua kazi yake.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia. Wazee walikuwa wamekaa, wachache wamelala. Mmoja alikuwa anakohoa kwa raha zake. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikamuuliza atafanya hivi mpaka lini, maana mgongo wake hauko sawa na miaka inakwenda.

Alikata uzi kwa meno.

"Mpaka nizeeke," alisema. "Kisha sitakuwa na haja ya kuhama, kaka yangu. Nitakuwa nimeshafika."